Ini Lililokuja Kukata Rufaa

Jana mchana, kichwa kikiwa juu ya meza ya darubini, niliota ini limekuja kukata rufaa.

Niseme kwanza nilivyolala. Kazi yangu ni kupima maini ya watu ambao ubongo umekwisha kufa na mashine inawapumulia, kabla madaktari wa upasuaji hawajayatoa kumpandikizia mgonjwa. Naletewa kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti. Nikikuta mafuta yamezidi theluthi, naandika "halifai". Wiki hii nilikuwa nimeandika hivyo mara tatu.

La nne lilikuwa ini la Ngwali, fundi bati aliyeanguka kutoka juu ya paa. Dada yake, Bi Mkasi, alitia saini akasema, "Kama atamfaa mtu, mchukueni. Kama hafai, msimpasue bure." Wadi ya tatu alikuwa akisubiri Mwalimu Tunu, macho ya manjano, na hakuna aliyedhani angefika wiki ijayo.

Nikahesabu: asilimia arobaini. Nikashika kalamu. Usingizi ukanichukua kabla sijaandika.

Mlango unafunguka. Ini linaingia limevaa kandambili, linavuta kiti.

"Dokta Sekela, pole na kazi."

"Nishapoa."

"Nasikia unanikataa."

"Mafuta, ndugu yangu. Arobaini."

"Arobaini ya nani?"

Nimechoka mno kubishana. "Ya kipande."

"Basi umekataa kipande. Mimi sijapimwa."

Linanishika mkono. Hatutoki mlangoni, lakini maabara imekwisha kuwa darasa. Madawati mia, na kila dawati limekaliwa na seli iliyonyoosha mgongo. Baadhi wamepakata madumu ya mafuta ya kupikia, makubwa hadi vichwa vyao vimesukumwa pembeni. Wengine wana vichupa vya mafuta ya nywele tu.

"Vichupa vinahesabiwa?" nauliza.

"Mpimaji ni wewe," linasema ini.

"Havihesabiwi. Madumu tu."

Naanza na safu ya mlangoni. Dumu, dumu, kichupa, dumu. Kiranja wao, seli nene yenye chaki mkononi, ananisimamisha.

"Hapo ni ukingoni, Dokta. Wenye mizigo mizito tumewaweka karibu na mlango. Sindano yenu ya kuchukulia kipande iliishia hapo hapo."

"Sikuambiwa."

"Hukuuliza."

Naanza upya, safu kwa safu hadi nyuma. Kila ninayemfikia anaitika, "Nipo." Miguu inauma. Kwenye dawati la sitini nakaa chini, na darasa zima linaningoja bila kukohoa.

Seli mwenye dumu ananiinamia. "Tutaenda kwa mwalimu?"

"Sijui bado."

"Haya mafuta tunaweza kuyamaliza tukishafika huko. Ngwali alipenda chipsi mayai. Hatukumlaumu."

Nainuka, namalizia arobaini waliobaki.

"Geuka," anasema kiranja. Darasa halina ubao. Nasikia chaki ikikwaruza mgongoni mwangu.

"Umeandika ngapi?"

"Kahesabu ukiwa macho."

Nikaamka. Kalamu mkononi, fomu tupu. Nikampigia Dokta Mwaipopo, daktari wa upasuaji, aliyekuwa chumba cha mahututi.

"Naomba kipande cha pili. Kirefu, kutoka ndani kabisa."

"Sekela, muda hatuna. Shinikizo la damu la Ngwali linashuka."

"Najua."

"Na huyu dada yake nimwambie nini?"

"Mwambie nimeomba mimi. Mwambie sina uhakika na nilichokiona."

Nilimsikia akizungumza na mtu pembeni, kisha sauti ya Bi Mkasi, ya taratibu, imechoka kuliko yangu: "Chukueni. Lakini mkipata jibu, nije niambiwe mimi kwanza."

Kipande kikaja. Zuhura, fundi wetu wa maabara, akakigandisha, akakikata, akakipaka rangi bila kuniuliza kitu. Nikahesabu mara tatu, maana macho yangu nilikuwa siyaamini tena. Mara zote tatu ikaja kumi na nane.

Nikashuka mwenyewe hadi kwa Bi Mkasi. Nikamwambia, "Mama, anafaa." Akaitikia kwa kichwa, akavuta khanga usoni, akabaki hivyo. Nikakaa naye hadi walipomwita akamuage.

Mwalimu Tunu aliingizwa chumba cha upasuaji alasiri. Leo asubuhi Mwaipopo amenipigia: ini limeanza kutoa nyongo, na mwalimu ameomba uji.

Nikavua koti nilitundike, nirudi nyumbani nikalale kama watu. Zuhura akalipokea, akaligeuza.

"Dokta," akasema, "hii kumi na nane ya chaki mgongoni kakuandikia nani? Nimeiona tangu jana ukiongea na simu, nikaona nisikusumbue."