Simba wa Kitani Cheupe

Bibi alinipa kitambaa kile kikiwa ndani ya foronya, akanitaka nisimwambie mtu. Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa baba mdogo kule Markham, ughaibuni, na wengine wote walikuwa wamekwenda msikitini kwenye harusi.

"Sanda yangu hii," alisema. "Ina doa. Wewe si umesomea mambo ya nguo za kale? Litoe."

Nilikijua. Kilikuwa kitambaa cha meza, kitani kizito cheupe, kirefu kupita meza yoyote tuliyowahi kuwa nayo. Babu Haider alikinunua Tanga, Mzungu mmoja alipokuwa akihama na kuuza vyombo vyake, akampa bibi mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Kwa miaka mingi kilikuwa sufro, kikitandikwa sakafuni siku za nazri, za kutimiza nadhiri, watu wakala juu yake. Babu alipofariki, bibi alikwenda nacho ziara Karbala, akakigusisha kwenye zarihi, ule uzio wa kaburi la Imamu, akakikunja. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula chakula juu yake.

"Upasuaji ni tarehe kumi na tisa," alisema. "Moyo wenyewe una miaka themanini na mitatu. Nataka kiwe tayari."

Adhuhuri ilikuwa imeingia, naye akaanza kugeuza picha za harusi za ukutani, moja moja, kama afanyavyo kila mara kabla ya kusali. Bibi Gulzar hasali mbele ya kitu chenye macho. Nilikitia kitambaa mkobani, nikaenda kusubiri basi.

Ninafanya kazi katika karakana ndogo ya kuhifadhi nguo za kale. Mkuu wangu ni Mugambi, Mmeru, mtu asiyecheka anapotania. Jumatatu nilikitandaza kitambaa mezani. Kabla ya kugusa doa, utaratibu wetu ni kuzima taa za juu na kulaza taa moja pembeni, mwanga upite usawa wa kitambaa, ili nyuzi zilizochoka zionekane.

Wakatokea simba.

Walikuwa wamefumwa kwa uzi uleule mweupe, weupe juu ya weupe, ndiyo maana mwanga wa juu haukuwaonyesha. Wawili wawili, wamesimama kwa miguu ya nyuma, wameshika ngao. Juu ya ngao taji, chini yake herufi mbili zilizosokotana. Nilihesabu simba kumi na wanane.

Mugambi alikuja na chai yake, akaiweka mbali.

"Hii umeitoa wapi?"

"Ni ya bibi yangu."

"Bibi yako ni malkia?"

"Ni mjane wa muuza baiskeli."

Aliinama. "Hii ni damaski ya kifalme. Nguo kama hizi zilifumwa kwa agizo la ikulu, hazikuuzwa dukani. Haipungui miaka mia na hamsini. Usikate hata uzi mmoja, umenisikia? Anataka kuifanyia nini?"

"Kuzikwa nayo."

Alichukua kikombe chake, akaondoka nacho bila kunywa.

Doa la manjano lilitoka siku ya nne. Ningeweza kukirudisha na kunyamaza. Macho ya bibi ni hafifu, na wanaoosha maiti hawalazi taa pembeni. Nililifikiria hilo wiki nzima ndani ya basi. Kila mara nilimwona akigeuza zile picha.

Jumapili alasiri nilifunga mapazia ya chumba chake, nikakitandika sakafuni, nikaiwasha taa ya simu na kuilaza ukingoni. Bibi alipiga magoti taratibu.

"Nini hao, mbwa?"

"Simba, bibi."

"Babu yako aliniambia ni maua."

"Pengine hakuwaona."

"Aliwaona. Alijua ningemrudishia kitambaa chake." Alikaa kitako. "Nimewapeleka simba wa Mzungu ziara. Na hakuna aliyewafukuza."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena.

"Siwezi kuingia nao kaburini," alisema. "Lakini nilitaka kwenda na kitu chake."

Niliisogeza simu ukingoni mwa kitambaa, kwa kuwa sikutaka kumtazama usoni. Ngao zikaisha, majani ya pambizo yakaisha. Baada yake ulibaki mstari wa kitani kitupu, upana wa shibiri moja na zaidi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Bibi, hapa hapana kitu."

Alipitisha kidole. "Hapana jicho?"

"Hapana."

Alifikiri. "Mwanamke katika sanda yake ana ukanda wa kufungwa kifuani. Nyingine zote ziwe za pamba, kama za watu wote. Ukanda uwe huu." Akafungua kopo la biskuti analowekea nyuzi, akanipa mkasi.

Nilimweleza aliyoyasema Mugambi.

"Huyo Mugambi atanizika yeye?"

"Hapana, bibi."

"Unakawia. Lete nikate mwenyewe."

"Ukanda utapinda. Ngoja."

Kitani hukatwa kwa kuvuta uzi mmoja kwanza, ili mkasi ufuate njia iliyoachwa. Niliushika uzi kwa kucha, nikauvuta polepole usikatike. Ulitoka wote, mrefu kuliko chumba. Bibi aliusokota kidoleni, akautia katika lile kopo.

Kisha nilikata. Ilichukua muda. Bibi alishika ukanda upande wake, akiunyoosha usijikunje, na simba wakabaki upande wangu.