Mananasi Hayaingii Wodini

Mzee Khoo alitoka kwenye lifti akiwa amekumbatia kapu la mananasi, na kabla hajaufikia mlango wa wodi ya watoto, Nesi Liao alikwisha kumwona.

"Simama hapo hapo, babu! Usisogee!"

Mzee akasimama. Tangu mkewe afariki, hakuna mwanamke aliyemwamuru akatii, lakini huyu alikuwa na haki yake. Ndiye aliyekesha na mjukuu wake, Pei-ling, pale homa ilipoushambulia moyo wa mtoto ukachoka kabisa, ikabidi mashine isukume damu badala yake. Siku zile Mzee Khoo alishinda kwenye kiti cha koridoni, kofia mkononi, na kila mlango ulipofunguka alizisoma nyuso za watu kama mkulima anavyosoma mawingu. Asubuhi moja Nesi Liao akatoka, akamwonyesha dole gumba tu. Mzee akajifungia chooni akalia mpaka pua ikaziba.

Leo mtoto anaruhusiwa. Kulipopambazuka mzee alikuwa tayari shambani kwake Kuanmiao, akigonga tunda hili na kunusa lile, mpaka akapata yanayostahili. Na sasa anazuiwa kama mwizi.

"Kosa langu nini?"

"Babu, tunda hilo tunaliitaje kwa lugha ya nyumbani?"

"Ong-lai."

"Usilitamke!" manesi wote wa wodi walipiga kelele kwa pamoja.

Masikio ya mzee yakawaka moto. Kwa lugha yao jina hilo husikika kama kusema "neema na ije". Ndiyo maana wenye maduka huweka nanasi mlangoni, wateja wamiminike. Yeye mwenyewe amewauzia kwa maneno hayo hayo tangu ujana wake. Ila wateja wa hospitali ni wagonjwa.

"Kuna daktari mwanafunzi alikula keki ya nanasi akiwa zamu," alisema Nesi Liao. "Vitanda vilijaa mpaka tukakosa pa kukanyaga. Hatujamsamehe mpaka leo."

"Watu mmesoma hivyo, mnaogopa tunda?"

"Tunaliogopa sana. Moyo tunauweza, babu. Hilo hatuliwezi."

Pei-ling, aliyekuwa mlangoni na bandeji shingoni palipopita mirija ya mashine, akacheka mpaka akajishika kifua. Wote wakageuka kwa hofu.

"Siumwi! Nacheka tu. Babu kafukuzwa!"

"Nyamaza, panya wewe. Miguu kama vijiti vya kulia wali."

"Na wewe kichwa kama nanasi lililonyolewa!"

Siu-hua, mama wa mtoto, akamnong'oneza mzee: "Baba, waambie asante, yatosha. Neno moja tu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Mzee Khoo, asante isiyo na kitu mkononi ilikuwa bakuli lisilo na wali. Alijaribu hata hivyo.

"Nesi... wewe..." Akalitazama kapu lake. "Umekonda mno. Kwani huli?"

"Nimekusikia, babu," Nesi Liao alijibu, machozi yakimlengalenga. Kisha akashusha sauti. "Zamu yangu inaisha alasiri. Nikishavua sare, nikiwa nje ya geti, mimi si nesi. Ni mtu mwenye njaa."

Basi wakamsubiri nje ya geti, wamekaa juu ya pikapu ya mzee, mtoto akiwa amefunikwa shuka. Alasiri manesi wakaja, na Daktari Fang wa wodi ile nyuma yao, akichungulia kushoto na kulia kama mkwe aliyekutwa jikoni. Mzee akamenya, akakata, Pei-ling akagawa. Waliokuwa wanaingia zamu walipita mbio, pua wameziba.

Nesi Liao alikula mpaka maji yakamchirizika kwenye kiwiko. Mzee akasema, akilitazama tunda na si yeye, "Nilidhani nitamzika."

Nesi akaacha kutafuna. "Hata sisi tuliogopa, babu. Hatukukuambia tu."

Mzee akaweka kisu chini. Akavua kofia, akawainamia mpaka mgongo ukalia, akabaki hivyo hivyo, kichwa chini, hata wengine wakaanza kutazamana.

"Babu," Pei-ling akauliza, "umekwama?"

"Nimekwama," alijibu mzee kwa sauti nzito. "Njoo uninyooshe."

Mtoto akateremka kwenye pikapu taratibu, akamkumbatia kiunoni, akavuta.