Sahihi za Uwanja wa Mikima

Saa nne kamili watoto thelathini na mmoja wa Mwalimu Karambu walikuwa wamebanana ndani ya chumba cha mabati, magoti kwa magoti, wakingoja mapumziko ambayo hayakuwa na pa kwenda. Nje ya mlango, mahali ambapo hadi juzi palikuwa na uwanja, sasa palisimama ua mrefu wa mabati mapya, na nyuma yake msumeno wa injini ulinguruma. Miti miwili ya mikima ilikuwa imeshalala chini. Wa tatu ulianguka Karambu akifundisha herufi. Kiende, mtoto wa miaka mitano, aliziba masikio, akajikojolea palepale alipokaa.

Ndani ya chumba hicho Kiende hakuwahi kusema neno, mwaka mzima. Lakini akifika chini ya mikima, alipiga domo kwa Kimeru mpaka umwombe apumzike. Karambu alidhani ni ukaidi tu, hadi alipokuja Cicily, mtafiti wa chuo kikuu, na saa yake na makaratasi yake. Miezi minne alikaa juu ya jiwe akiandika nani kacheza na nani, nani kalia, nani kapatana na mwenzake, na kupiga picha. Akaona kwamba watoto wakishacheza kwenye nyasi na miti hutulia na kushika masomo upesi. Hata akina mama waliotoka kuuza soko la Gakoromone, wakipumzika pale, walikuwa wamejuana kwa majina. Habari za Kiende peke yake zilijaza kurasa tatu.

Cicily alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliowaponza.

"Mwalimu, si haki nibebe habari zenu niende nazo hivyo tu," alisema. "Nataka niwarudishie majibu."

Karambu akapita nyumba kwa nyumba akiwaita watu kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuja. Na kama ilivyo kwa mikutano yetu yote, kabla hata ya maombi ya kufungua, karatasi ilianza kuzunguka: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Hakuna anayeuliza ni ya nini. Usipotia sahihi, soda na mkate vinakupita. Karambu mwenyewe ndiye aliyeisukuma benchi hadi benchi, tena akamshika nyanya mmoja kidole akakipaka wino. Bwana Riungu, afisa wa mipango ya mji, alikuwa mgeni wa heshima. Alipiga makofi kuliko wote, na mwishoni akaomba karatasi ile ikae kwake kwenye faili, isije ikapotea.

Siku hiyo ya msumeno, watoto walipokwenda nyumbani, Karambu alikwenda ofisini kwa Riungu na nakala ya utafiti kwapani.

"Karibu, madam. Keti."

"Mzee, ule uwanja ni wa watoto. Utafiti huu umesema, na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa." Riungu hakuugusa. Alifungua faili, akaigeuza imwelekee. "Na wewe ulikuwa. Hii sahihi ya kwanza ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Juu ya orodha palikuwa pamebanwa ukurasa ambao hakuwahi kuuona: wakazi wamekubali kwa kauli moja uwanja ujengwe nyumba za kupangisha.

"Hii tulitia ya soda," alisema.

"Hapo imeandikwa soda?"

"Hawa watu hawakuulizwa kitu juu ya nyumba, mzee."

"Sheria inasema wananchi waulizwe. Sasa haya ni majina arobaini na saba, na vitambulisho." Sauti yake ilikuwa ya upole, kama baba anayemwonya bintiye. "Ama niandike ulikusanya sahihi za uongo? Hiyo ni kesi, na wewe bado unataka kufundisha."

Karambu aliurudisha utafiti kwapani. Aliona aibu kuliko hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Na huo utafiti mwenye ploti ameusoma," Riungu alisema akimfungulia mlango. "Ameupenda sana."

Asubuhi iliyofuata turubai kubwa lilikuwa limetundikwa kwenye ua: MAKAZI YA MIKIMA. MLEE MTOTO WAKO PENYE MITI. Chini ya maneno, kwa ukubwa wa mlango, alikuwa Kiende, ameegemea mti, anacheka. Picha ilikuwa ile aliyopiga Cicily, ya kwenye utafiti.

Saa nne Karambu aliwatoa watoto kwenye ujia wa hatua nne uliobaki kati ya mlango na ua. Wengine walisimama tu. Kiende alikwenda moja kwa moja hadi kwenye turubai, akaweka kiganja juu ya shina la picha, akaanza kuongea Kimeru, haraka haraka, akilisimulia yote ya siku zile.

"Mwalimu, toa huyo mtoto," askari wa lango alisema. "Ana mkono wa matope. Atachafua picha."

Karambu alitoa leso yake. Akakipangusa kiganja cha mtoto, kidole kwa kidole. Askari alikuwa bado anamtazama, kwa hiyo akapangusa na turubai pia, mpaka alama ikatoka yote. Kiende alikuwa ameshanyamaza.