Sahihi ya Mwenye Shahada

Fomu ya ruhusa ya masomo ilikuwa imebakiza mstari mmoja mtupu, wa sahihi ya muuguzi mkuu, na chuo kilikuwa kinafunga kupokea saa kumi jioni. Mama Mishipa aliishika kwa ncha za vidole isilowe jasho.

Jina hilo alilipata wodi ya watoto. Mtoto angekauka maji namna gani, mshipa wake angeuona tu. Alikuwa na stashahada ileile kwa miaka kumi na tisa. Wasichana aliowafundisha kushika sindano walikwenda kusomea shahada, wakarudi, wakawa mabosi wake, naye akawapigia vigelegele kwa moyo mweupe. Mwezi ujao angetimiza arobaini na tano, na kwa kanuni za hospitali, aliyefika hapo haachiwi tena kwenda kusoma. Mwaka juzi alileta fomu kama hii, akaambiwa asubiri. Mwaka jana vilevile.

"Kaa, mama," alisema muuguzi mkuu bila kuinua macho. Yeye naye alikuwa mmoja wa wale wasichana.

"Sikai, bosi. Nataka sahihi tu, niwahi."

"Nikikuachia, wodini anabaki nani? Wenzako wanadunga mara sita, mkono wa mtoto unavimba."

"Miaka yote hii nimewafundisha. Nifundishe wangapi tena?"

"Usinielewe vibaya. Wewe ndiye nguzo yetu. Halafu wodi moja inaachia mtu mmoja, na nafasi yenu anayo mpwa wa katibu wa hospitali, mpaka amalize."

"Yule alikuwa na mwaka mmoja tu kazini."

"Ndiyo maana tulimwachia. Asipokuwepo, hakuna kinachoharibika."

Mama Mishipa akaitazama fomu yake. Kumbe angefanya kazi ovyo, angekuwa amesoma zamani.

Mlango ukagongwa. Wodini kulikuwa na kichanga cha wiki tatu, kimeishiwa maji, na mshipa hauonekani. Akatoka mbio na fomu yake mkononi, muuguzi mkuu akimfuata.

Mpwa wa katibu, aliyekuwa amerudi kwa mafunzo ya vitendo, alikuwa ameshadunga mara nne. Mama wa mtoto alikuwa amegeukia ukutani. Mama Mishipa akaitupa fomu juu ya kitoroli, akaweka mkono wake juu ya mkono wa msichana, akauongoza taratibu, kidogo kushoto. Damu ikaingia kwenye mrija.

"Asante, mama," msichana alisema, akapumua. Akamwachia Mama Mishipa sindano, akafungua daftari lake la mafunzo.

"Nitakusainia nikishabandika plasta," Mama Mishipa alisema.

"Samahani, mama. Chuo kinataka msimamizi mwenye shahada."

Muuguzi mkuu akalipokea daftari. Kalamu yake ikagoma kuandika. Akavuta karatasi iliyokuwa karibu, akaigeuza, akachora duara juu ya duara mpaka wino ukatoka, kisha akasaini kwamba mwanafunzi ameweza.

Ilikuwa ile fomu ya ruhusa. Mama Mishipa aliyaona maduara yote, wala hakuweza kunyoosha mkono kuichukua. Vidole vyake vilikuwa bado vimebana sindano mahali pake, vikingoja plasta, na saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika chache kufika kumi.

"Usiachie, mama," muuguzi mkuu alimwambia. "Ukiachia tu, mshipa tumeupoteza."