Kisogo cha Kibwana

Nchi ya Butwaani imelala kati ya milima miwili inayogombea ukubwa, na katikati yake unapita Mto Ngwengwe, mto ambao kwenye ramani za serikali unapanda mlima badala ya kushuka, kwa sababu Kinara Ghubari, mtawala wa nchi hiyo, siku aliyoonyeshwa ramani aliishika juu chini na hakuna aliyethubutu kumgeuzia. Wakubwa wanaomzunguka ni majemadari saba wenye vifua vilivyojaa nishani, hata mmoja wao akipiga chafya watoto hutoka madarasani wakidhani kengele imelia. Nishani zote hizo zimetoka kwenye vita vimoja tu, Vita vya Darajani, vilivyopiganwa miaka arobaini na sita iliyopita na watu wa Ng'ambo, ng'ambo ya Ngwengwe. Viligombaniwa nini? Ukiuliza utaambiwa mpaka. Ukiuliza tena utaambiwa mbuzi. Ukiuliza mara ya tatu unaulizwa wewe.

Kinachojulikana ni kwamba Butwaani ilishinda, maana askari wake wote walirudi salama, tena mapema, wakawahi chakula cha mchana. Hakurudi mmoja tu, kijana aitwaye Kibwana, aliyejiunga na jeshi asubuhi ile ile ya vita, hata kofia alikuwa hajapewa. Karani wa jeshi alikaa akapima mambo, akaandika kwamba waliorudi ni mashujaa, na ambaye haonekani bila shaka ametoroka.

Sheria ya Butwaani juu ya nyumba ya mtoro ni fupi: mlango wa mbele unazibwa kwa mawe. Waliomo wanapita nyuma, jikoni, pamoja na kuku. Na kwa kuwa huko maiti hutolewa kwa mlango wa mbele, nyumba ya mtoro hutoa wafu wake dirishani, kama mwizi anavyotoa godoro. Mama yake Kibwana alitolewa hivyo. Alikwama nusu ndani nusu nje, na jirani mmoja ikabidi amsukume kwa mpini wa jembe huku akimwomba radhi. Sasa nyumbani alibaki Bi Mashavu, dada mkubwa wa Kibwana, mwenye miaka sabini na kitu, na mwili wa kutosha kujua kwamba dirisha lile halitamwafiki. Kila mwaka alipeleka ombi moja tu serikalini: nifungulieni mlango, nitoke kama mtu.

Hakujibiwa, mpaka alipokuja mgeni mmoja mkubwa na shada la maua, akaomba aonyeshwe sanamu ya shujaa wa taifa aliweke. Butwaani haikuwa na sanamu. Mgeni akazungushwa mjini saa tatu, maua yakanyauka, mwisho akayaweka chini ya tangi la maji la Ikulu, akainamisha kichwa. Kinara akaona aibu. Akataka shujaa, tena aliyekufa, kwa sababu walio hai husema. Na mwaka huo Ngwengwe ulikauka, chini ya daraja ikaonekana mifupa ya mtu mmoja imekumbatia bunduki, mdomo wa bunduki umeelekea Ng'ambo. Basi ikatangazwa kwamba Kibwana hakutoroka, na kwamba serikali imekuwa ikilijua hilo siku zote, ila ilikuwa inasubiri.

Kazi ya sanamu akapewa Fundi Pazi, mchonga mawe. Kwa kuwa sheria inakataza ndugu kutoa ushahidi wa vita, aliitiwa majemadari saba, ambao kila mmoja kwa miaka yote hiyo amekuwa akisimulia jinsi alivyopigana mbele ya wenzake wote. Bi Mashavu naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi akisubiri barua ya mlango.

"Mzee, pua yake ilikuwaje?" Fundi Pazi akamuuliza Jemadari Kishindo, mkubwa wa wale saba.

"Ndefu. Pua ya kijeshi."

"Ilikuwa bapa," akasema wa pili.

"Ndevu?"

"Mpaka kifuani," akasema wa tatu.

"Hakuwa na hata unywele!" akaruka wa nne.

Mpaka saa sita Fundi Pazi alikuwa na pua tano, macho ya rangi tatu, na kidevu kimoja chenye ndevu upande mmoja. Akaweka kalamu chini, akafuta jasho. "Jamani, basi tuanzie nyuma. Kisogo?"

Wote saba wakaitika kwa pamoja, kama watoto waliokariri somo: "Kimechongoka, kina kovu la mwezi mchanga upande wa kushoto, na sikio la kulia lina pengo!"

Benchi likalia, Bi Mashavu anacheka mwili mzima.

"Kweli kabisa, wanangu. Lile kovu nilimtia mimi kwa upawa, kaiba mnofu wa mgeni. Lakini hebu nielewesheni mwenzenu. Si mlikuwa mbele yake?"

"Mbele kabisa, bibi," akasema Kishindo.

"Mkitazama wapi?"

"Kwa adui, bibi, kwani wapi?"

"Sasa hicho kisogo mlikionea wapi?"

Jemadari Kishindo akafunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Vita, bibi, vina mazunguko mengi."

Habari ikatoka nje kabla ya majemadari wenyewe, na jioni mjini watu walikuwa wanaangaliana shingo. Ilipomfikia Kinara, naye akajaribu kuukumbuka uso wa Kibwana, maana alikuwepo vitani. Akafumba macho, akatafuta, akaona kovu la mwezi mchanga linazidi kuwa dogo, dogo, mpaka likapotea. Akafumbua macho haraka.

"Mtieni uso wangu," akaamuru. "Shujaa wa taifa awe na uso wa taifa. Nani ana mwingine?"

Hakuna aliyekuwa nao. Lakini ilibaki sheria moja ya zamani: sanamu ya marehemu huhesabiwa jiwe tu mpaka ndugu wa damu aiwekee mkono na kutamka maneno matatu mbele ya watu, kwamba ndiye, kwamba alikufa pale, kwamba amezikwa hapa. Yakishatamkwa, karani huyaandika na hayafutiki. Bi Mashavu akaitwa Ikulu.

"Mama, siku ya sherehe ukiuona uso wa sanamu usishtuke," akasema Kinara.

"Miaka arobaini na sita naingia kwangu na kuku, baba. Nishtuke nini tena?"

"Kwa hiyo utasema ni ndugu yako?"

"Mlango kwanza."

"Sherehe kwanza. Mlango ni jambo la dakika tano."

"Haya. Basi katamke mwenyewe, wewe si una uso?" Akaanza kunyanyuka, goti moja, halafu la pili, taratibu, na kila goti lilivyolia ndivyo Kinara alivyozidi kuhesabu wageni ambao tayari wamealikwa.

"Waiteni waashi!"

Waashi walibomoa asubuhi ya sherehe. Ndani ya mawe walitoka mijusi ukoo mzima, nao hawakujua waende wapi. Bi Mashavu alitoka kwa mlango wa mbele, akaingia, akatoka tena, kisha akasimama kizingitini muda mrefu hajui sasa anaingia au anatoka, mpaka dereva wa serikali akapiga honi.

Uwanjani palikuwa na nchi nzima, na wageni wa kila upande, hata wazee watatu kutoka Ng'ambo, maana vita vilikuwa vimeisha bila mtu kukumbuka kuvimaliza. Mifupa ikafukiwa chini ya sanamu, kitambaa kikavutwa. Mwili ulikuwa wa kijana mwembamba, peku, bunduki mkononi. Juu ya shingo hiyo changa umekaa uso wa Kinara Ghubari na mashavu yake yote mawili. Bi Mashavu hakuutazama. Alizunguka nyuma kwanza, akaliona kovu, akaweka kiganja juu yake, na mabega yake yakatikisika. Halafu akarudi mbele, akafuta macho kwa ukingo wa kanga, akanyoosha kidole kwenye ule uso.

"Huyu ndiye. Alikufa darajani. Amezikwa hapa."

Karani akaandika. Tarumbeta ya wafu ikalia, bendera zikashushwa nusu, watu wakavua kofia. Bi Mashavu akaenda kwa Kinara, akamshika mikono yote miwili, kama wafanyavyo waombolezaji.

"Pole, baba. Na wewe marehemu alikuwa nani yako?"

Kinara akafungua mdomo. Karani alikuwa ameshainua kalamu kusubiri jibu. Kinara akaitazama kalamu ile. Alishuka jukwaani akaenda kwa miguu mpaka lango la Ikulu, hapo hapo ukingoni mwa uwanja, watu wakimfuata kwa macho.

"Fungua," akamwambia askari wa lango, mgongo ameuegemeza kwenye mbao.

Askari alimtazama yeye, akaitazama sanamu, akamtazama tena. "Samahani, mzee. Kinara tumemzika sasa hivi."

"Kinara ni mimi! Huuoni uso?"

"Uso nauona, mzee. Ndio huo aliokufa nao. Imeshaandikwa." Kijasho kilikuwa kinamtoka, na mtu asingeweza kujua kama anatania au anaogopa. "Huna alama nyingine? Hebu geuka kidogo."

Kinara Ghubari, kwa kuchoka au kwa kuchanganyikiwa, akageuka, akalipa lango uso na uwanja mgongo.

"Ah!" Mmoja wa wale wazee wa Ng'ambo alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti, fimbo hewani, anafurahi kama aliyekutana na rafiki. "Huyo! Huyo namfahamu! Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa! Miaka yote hii najiuliza, yule bwana alifika salama?"

Karani alifungua kitabu kutafuta kama kutambuliwa na adui kunatosha. Hakuona kitu, akaanza upya ukurasa wa kwanza. Askari ameshika ufunguo, hajaupeleka mbele wala hajaurudisha mfukoni. Na Kinara amebaki palepale, ametazama mbao za lango, kwa sababu nyuma yake uwanja mzima unamtazama shingo.