Nilivyoiangusha Korongo kwa Chai na Mdomo

Ukitaka kujua kwa nini shirika kubwa la ndege kama Korongo linahema siku hizi, usiwasumbue wataalamu. Njoo mtaa wa Majimbo, hapa Embu, umuulize Angeline. Yaani mimi.

Nilikuwa ajenti wa Korongo mjini. Nilikuwa na meza, bango la samawati nje, na ndege ndogo ya plastiki iliyokaa mezani kama mgeni wa heshima. Ofisi ilijaa watu tangu asubuhi. Wa chai. Wakishamaliza chai na habari za watu, walivuka barabara wakakata tiketi kwa Mwaniki, ajenti wa ndege za Waarabu.

Siku moja meneja wangu, Kathuri, akapiga simu kutoka Nairobi. "Angeline, wapinzani wanatumaliza. Tunafunga ofisi ndogo. Ukinipa kikundi kimoja cha abiria, yako inabaki. La sivyo, nakuja kung'oa bango."

Kikundi! Si nilikuwa nacho? Lorna, binti wa mwenzetu Wambura wa Manyatta, ni nesi huko Uingereza na alikuwa amejifungua. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tumeamua kwenda kumwona mtoto.

"Tulia, bosi," nikamwambia. "Hao ni wangu. Wananywa chai yangu."

Jumamosi nikawaita nyumbani. Nikaponda mukimo wa viazi na mahindi, nikachinja jogoo, viti vikaisha wengine wakakalia kreti za soda. Hapo ndipo mimi huwa na raha.

"Sasa Angeline," Wambura akaanza, "hiyo ndege yako inabeba masanduku mangapi?"

"Moja kwa kila mtu, Mama Lorna. Lakini haisimami njiani! Unalala hapa, unaamka Uingereza."

"Moja?" Akawageukia wenzake. "Maharagwe ya njahi ya mzazi yaingie wapi? Na unga wa uji? Ama nguo zangu nizivae zote?"

"Kwa Mwaniki ni mawili," Mama Ireri akadakia, mdomo umejaa jogoo wangu.

Mtu mwenye akili angetoka nje ampigie Kathuri, aombe sanduku la pili. Mimi nikafungulia umbea.

"Kwa Mwaniki? Mtajuta! Wanawashusha jangwani, mnakaa huko kutwa nzima. Mnazungushwa tu kwenye uwanja mkubwa kama mji. Huku maduka ya dhahabu, kule manukato, ngazi zinajipandisha zenyewe."

Viti na kreti vikasogea karibu yangu.

"Dhahabu?" Mama Ireri akauliza.

"Kutwa nzima?" mwingine akasema. "Bila mzee kuuliza chakula kiko wapi?"

"Kutwa nzima!" nikakazia, nikidhani nawatisha.

Wambura akaweka mfupa chini. "Ubarikiwe, Angeline. Kumbe hii safari ni mbili kwa moja na Mwaniki hakutuambia."

Wakaamua papo hapo, kwa makofi. Na kwetu mtoto haonwi kwa vipande. Kikundi huingia mlangoni pamoja kikiimba, na anayefika peke yake ataulizwa amegombana na nani. Sasa mimi, mwanzilishi wa nyimbo, ningefikaje peke yangu?

Jumatatu habari zikamfikia Kathuri, akaja na bisibisi.

"Si ulisema ni wako?"

"Ni wangu. Ndiyo maana naenda nao."

Akang'oa bango, akatia ndege ya plastiki kwenye mfuko. Nikamwekea chai, maana hata anayekufukuza ni mgeni. Akanywa, akatikisa kichwa. "Nashangaa. Mji mzima unasema wamefuata maduka ya dhahabu. Hao kina mama wa Manyatta waliyajuaje?"

Nikamwongezea chai.

Alipoondoka nikavuka barabara, pasipoti nimeificha ndani ya leso. Mwaniki alikuwa ananingoja mlangoni, anacheka kabla sijafika.

"Karibu, Angeline! Ulivyonitangazia biashara, kiti chagua mwenyewe."

"Dirishani. Nikipishana na Korongo angani niipungie mkono."

"Na masanduku?"

Nikaangalia nyuma, ukutani pale bango lilipokuwa.

"Mawili," nikasema, polepole.