Jogoo Aliyejua Kusoma Saa

Lifti ya hospitali yetu ilikuwa na akili zake. Niliiendesha miaka thelathini na minne, nimekalia kiti cha mbao kisicho na mgongo, na naapa kuna siku iligoma kupanda mpaka mkaguzi mmoja mnene alipoiomba radhi. Husadiki? Shauri yako. Watu waliniita Kapteni, maana ndani ya kile chumba cha watu wanane hata mganga mkuu alisogea nilipomwambia asogee.

Siku niliyomjua Dokta, lifti ilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Alikuwa mwanamke kijana, daktari mpya wa magonjwa ya akili, koti lake bado lina mikunjo ya dukani. Tulikuwa naye mle pamoja na ndugu wanne wa mgonjwa mmoja, wawili wa upande wa mume, wawili wa upande wa mke, waliokuwa wakirushiana maneno tangu mapokezi. Taa ilipozimika, mmoja akaanza kuusukuma mlango kwa bega.

"Usiusukume, shemeji," nikamwambia. "Mlango huu ukisukumwa unajibana. Ukingojewa unafunguka."

Kisha nikawasimulia habari za jogoo wangu aliyejua kusoma saa. Aliwika saa kumi na moja na dakika kumi, si na tisa, na saa ya ukutani ikisimama alikuwa akiidonoa kioo mpaka itembee. Jumapili alichelewa makusudi. Mafundi walipotufungulia, dakika arobaini zilikuwa zimepita, na wale ndugu walikuwa wakibishana kama jogoo wa namna hiyo anafaa kuliwa.

Dokta hakuwa amecheka. Alikuwa akiandika kwenye kiganja chake.

"Kapteni, umewafanya nini wale? Walikuwa wanakaribia kupigana."

"Nimewadanganya tu, Dokta."

Kazi yake yote ilitoka kwenye kile kiganja. Alianza kwa kuchunguza jinsi msongo wa mawazo unavyoingia mwilini, akaendelea na jinsi watu wanavyoubeba bila kuanguka. Mwisho, kichwa kimeshakuwa cheupe, akawa anatumwa kwenye mitaa iliyonuna, akae na watu kabla jiwe la kwanza halijarushwa. Huko hakuanza na ugomvi. Aliuliza watu wanalalaje, na mwaka huo wamemzika nani.

Katika utafiti wake mimi nilikuwa mtu namba nane, kati ya watu mia mbili na kumi na wawili. Kila mwaka alinijia na dodoso la maswali arobaini, mashine ya presha na kichupa cha kutemea mate. Mate, alinieleza, yanaonyesha mwili unavyohangaika hata kama mdomo umetulia.

Sasa niungame. Majibu yangu yalikuwa uongo mtupu. "Ukikasirika hufanya nini?" Nahesabu nywele za mkaguzi. "Unalala saa ngapi?" Inategemea jogoo. Nilipostaafu akaendelea kunifuata nyumbani, nami nikaendelea kumjazia chumvi.

Juma lililopita alipiga simu. Naye anastaafu. Ripoti ya miaka thelathini na mmoja inaondoka Jumatatu, na Alhamisi atanijia na dodoso la mwisho. Nikaweka simu chini, jasho likanitoka. Utafiti mzima wa mtu, na ndani yake nimetaga mayai viza!

Binti yangu akaniona. "Baba, una nini?"

Nikamwambia.

"Yaani umemdanganya daktari miaka yote hiyo?"

"Si yote. Mwaka wa kwanza nilisema kweli kuhusu urefu wangu."

"Baba, huo mzaha si wa leo. Mwambie kabla hajapeleka. Akija kuaibika mbele za wenzake, utamtazama kwa macho gani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa na rafiki mmoja tu aliyekuwa bado anabisha hodi kwangu, na Alhamisi nilikuwa nakwenda kumpoteza.

Akaja. Akakaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, miwani puani, akanipima presha.

"Iko juu, Kapteni."

"Dokta, nitoe kwenye hesabu zako. Nimekuongopea. Kila mwaka, kila swali. Kama nimekuharibia kazi, nitukane, lakini usiipeleke nami nimo."

Akaikunja ile mashine taratibu, mpira ukatoa pumzi ya mwisho.

"Umo wapi? Nilikutoa mwaka wa tatu."

"Mwaka wa tatu!"

"Karatasi yako ilikuwa inacheka na mate yako yanalia. Mtu wa hivyo ningemwandika safu gani?"

Mwaka wa tatu ndio mwaka ule. Alijua. Hospitali nzima ilijua. Swali la kumi na saba linasema: mwaka huu umefiwa na mtu wa karibu? Nami niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa: Ndiyo, jogoo. Mwaka uliofuata nikamwua tena, na uliofuata tena, kila mwaka kwa ugonjwa mwingine.

"Basi ulikuwa unafuata nini hapa, bibi we? Mara ishirini na nane, na machupa yako?"

"Kutembea."

"Usinidanganye."

"Eti nani asimdanganye nani?" Ndipo akacheka, halafu akavua miwani. "Ningekuja mikono mitupu ungenipa kiti? Ungeniuliza naumwa nini. Nikija na karatasi unakaa, unaongea. Na mimi, Kapteni, mwaka mzima nasikiliza watu wanaotaka kuchinjana. Unadhani nilikuwa napumulia wapi? Hapa. Kwa jogoo."

"Ungeniuliza waziwazi."

"Mlango ule ukisukumwa unajibana. Ni wewe uliyeniambia."

Akatoa dodoso. Halikuwa na namba nane juu. Pale pa namba palikuwa patupu. Akaruka kurasa mpaka swali la kumi na saba, akaweka kalamu wima.

"Umefiwa na mtu wa karibu?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alikuwa na miaka minane wakati ule, na hajawahi kunisikia nikilitamka jambo lile. Hakuingia wala hakuondoka.

"Ndiyo," nikasema. "Mama yake huyu."

Dokta akaandika.

"Nilimpandisha mwenyewe, ghorofa ya nne. Nikamtania, nikamwambia leo nauli ni bure. Siku ya tatu machela ikaingia imefunikwa, na mimi sikujua. Nikamwuliza aliyeisukuma, 'Ghorofa ya ngapi, bwana?' Kama ninavyowauliza wote. Yule akanitazama tu. Nikabonyeza kitufe cha chini, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikamteremsha."

Binti yangu akalitua sinia sakafuni palepale, akaja akakaa kwenye mkono wa kiti changu, kichwa chake kizito begani kama alipokuwa mdogo.

"Hukuwahi kuniambia, baba."

"Nilikuwa nakuambia habari za jogoo."

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama na hapakuwa na wa kuidonoa. Dokta hakunihimiza. Alipoinua tena kalamu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naye alijua kusoma saa?"

Nikafikiri. Nilitaka kwa mara hii moja nijibu sawasawa.

"Hapana, saa hakuwa nayo," nikasema. "Lakini nikichelewa kurudi, alijua ni dakika ngapi."

Akayaandika, yote, bila kuruka neno. Kisha akanipa kichupa.

"Tema, Kapteni."